James Ruse, mfungwa aliyepata shamba New South Wales: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yanayorudi kila habari za wafungwa wa Uingereza waliopelekwa Australia zinapozungumzwa. Yamepangwa kuanzia ya msingi, kisha shamba lenyewe, kisha yale yenye ubishi.

## Mambo ya msingi

James Ruse ni nani?

Ni mkulima kutoka Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, aliyebatizwa mwaka 1759 karibu na mji wa Launceston. Alihukumiwa kwa wizi mwaka 1782, akafika New South Wales Januari 1788 akiwa mfungwa, na mwishoni mwa 1789 akapewa ardhi ya kujaribu kulima pale Rose Hill, mahali panapoitwa Parramatta leo. Mwaka 1791 akawa mtu wa kwanza katika koloni lile kupewa shamba kwa hati. Shamba hilo linajulikana mpaka leo kama Experiment Farm, yaani shamba la majaribio.

Aliiba nini mpaka ahukumiwe kifo?

Alivunja nyumba ya mtu na kuchukua saa za mfukoni mbili za madini ya fedha. Kesi ilisikilizwa Bodmin, Julai 1782. Sheria za Uingereza za wakati huo ziliweka adhabu ya kunyongwa kwa makosa zaidi ya 200, mengi yakiwa ya mali tu. Majaji waliwahukumu wengi kifo kisha wakawapunguzia, na ndivyo ilivyokuwa kwa Ruse: kifo kikabadilishwa kuwa miaka 7 ya kuhamishwa ng'ambo.

Adhabu ya kuhamishwa ilikuwaje?

Mtu aliondolewa nchini kwa muda uliotajwa, kwa kawaida miaka 7, miaka 14 au maisha, na kurudi kabla ya muda kwisha lilikuwa kosa kubwa. Akiwa kule alifanya kazi bila mshahara, kwa serikali au kwa mtu binafsi aliyekabidhiwa kwake. Alikula posho ya bohari na akavaa nguo za bohari.

Kabla ya 1775 wafungwa wa aina hii walipelekwa Marekani. Vita vya uhuru vya Wamarekani vilipofunga njia hiyo, magereza yalifurika, na serikali ikaanza kuwafungia watu ndani ya meli kuukuu zilizotiwa nanga bandarini. Ruse alikaa miaka ndani ya mojawapo, Dunkirk, pale Plymouth. Kuanzia 1788 mpaka 1868 watu wapatao 162,000 walihamishiwa Australia.

Ni kweli kwamba hukumu yake ilisema apelekwe Afrika?

Ndiyo, na jambo hili linafaa kujulikana zaidi kwa wasomaji wa huku kwetu. Hukumu ya 1782 ilitaja Afrika. Kundi la wafungwa lilikuwa tayari limepelekwa kwenye ngome za Waingereza pwani ya Afrika Magharibi, na wengi walikufa kwa homa na njaa. Mwaka 1785 palikuwa na mpango wa kuwaacha wafungwa kwenye kisiwa cha Lemane ndani ya mto Gambia. Bunge lilipouchunguza, ukaachwa. Meli ya Nautilus ikatumwa kupima pwani ya kusini-magharibi mwa Afrika, ikarudi mwaka 1786 na habari ya nchi kavu isiyofaa kulimwa. Ndipo New South Wales ikachaguliwa, na Ruse akabaki akisubiri kwenye meli yake mpaka 1787.

Alisafiri vipi?

Kwa meli ya Scarborough, mojawapo ya meli 11 za msafara wa kwanza ulioongozwa na Arthur Phillip, gavana mteule. Waliondoka Portsmouth tarehe 13 Mei 1787, wakapitia Tenerife, Rio de Janeiro na Cape Town, na meli za mwisho zikatia nanga Botany Bay tarehe 20 Januari 1788. Tarehe 26 wakahamia Port Jackson, inapokaa Sydney. Ndani ya msafara walikuwemo watu wapatao 1,400, zaidi ya nusu yao wafungwa.

## Jinsi alivyopata ardhi

Kwa nini gavana alimpa mfungwa ardhi?

Kwa sababu ya njaa. Mbegu nyingi zilizobebwa kutoka Uingereza ziliharibika safarini. Zilizopandwa kwenye mchanga wa Sydney Cove zilitoa mavuno hafifu mno. Ng'ombe wachache waliokuja na msafara walipotelea msituni katikati ya 1788, na hawakuonekana tena mpaka 1795, wakiwa wamezaana. Plau haikuwepo, kazi yote ilikuwa ya jembe na shoka, na mashoka yenyewe yalivunjika kwenye miti migumu ya mkaratusi. Meli ya chakula, Guardian, iligonga barafu Desemba 1789. Kufikia Aprili 1790 posho ya mtu kwa wiki ilikuwa imeshuka hadi ratili 2 za nyama ya nguruwe, ratili 2 na nusu za unga na ratili 2 za mchele, yaani unga wa kama kilo moja na gramu 100 kwa siku saba.

Phillip alitaka kujua jambo moja: mtu mmoja anayejua kulima, akipewa msaada wa mwanzo, atachukua muda gani kujilisha? Ruse alikuwa amekulia kwenye kilimo, jambo adimu miongoni mwa wafungwa waliotoka mijini. Pia alijitokeza na kusema muda wake umekwisha.

Muda wake ulikwishaje wakati hata miaka miwili haikuwa imetimia tangu afike?

Miaka 7 ilihesabiwa tangu siku ya hukumu, si tangu kufika. 1782 jumlisha 7 ni 1789. Tatizo ni kwamba hati zilizoonyesha muda wa kila mfungwa hazikuletwa na msafara, kwa hiyo Phillip hakuwa na namna ya kuthibitisha. Wafungwa wengine waliodai uhuru waliambiwa wasubiri majibu kutoka London. Ruse aliruhusiwa kuingia shambani Novemba 1789, lakini hatimiliki ikasubiri.

Alipewa nini hasa?

Ekari moja na nusu iliyokwisha kufyekwa, kibanda, zana, mbegu, mifugo michache, posho ya bohari, na kwa muda mfupi mfungwa mmoja wa kumsaidia. Mipaka ya shamba haikupimwa mwanzoni. Alionyeshwa upande wa kuelekea na kuambiwa aendelee kadiri atakavyoweza kulima. Baadaye Phillip akamjengea nyumba ya matofali.

Kiwango rasmi kilikuwa kimewekwa kwenye maagizo ya mwaka 1787: mwanamume aliyeachiliwa apewe ekari 30, ziongezwe 20 akiwa na mke, na 10 kwa kila mtoto atakayekuja naye kukaa pale. Sharti lilikuwa akae shambani na alime. Hati ya Ruse ilikuwa ya ekari 30.

Je, kila mfungwa aliyeachiliwa alipata shamba?

Hapana. Sheria iliruhusu, lakini ilitegemea uamuzi wa gavana, na wengi waliopewa waliuza mapema kwa maofisa, wakati mwingine kwa kubadilishana na pombe kali. Walioshikilia shamba kwa zaidi ya miaka kumi walikuwa wachache.

## Kilimo chenyewe

Alilima kwa njia gani?

Tunajua kwa undani kwa sababu Novemba 1790 ofisa wa wanamaji, Watkin Tench, alifika shambani na kuandika maelezo ya Ruse mwenyewe. Mpangilio wake ulikuwa huu.

Kwanza aliteketeza miti iliyoangushwa hapo hapo shambani na kuchimbia majivu ardhini. Kisha akakatua kwa jembe, ng'we ya siku ikiwa rodi 8 au 9 za mraba, sawa na mita za mraba 200 hadi 230. Ekari moja ina rodi 160, kwa hiyo ekari moja na nusu ya ngano ilimchukua kama siku 27 hadi 30 za kukatua tu. Hapo ndipo alipotofautiana na shamba la serikali. Kule, alisema, udongo ulikwaruzwa juu juu. Yeye alizika majani na magugu chini na kuvunja mabonge.

Baada ya hapo aliiacha ardhi ipigwe na jua na hewa kwa muda mrefu kadiri alivyoweza. Karibu na kupanda akaigeuza yote upya, ndipo akasia mbegu kwa mkono. Mavuno yakishatoka, alikusudia kuilima tena, kuilainisha na kusia tanipu ili kuiandaa kwa mwaka unaofuata. Mabua ya ngano alikusudia kuyafukia mashimoni pamoja na chochote kinachooza, yawe mboji.

Yeyote aliyewahi kulima kwa jembe la mkono bila samadi ataiona akili iliyomo humu. Kila hatua inalenga upungufu uleule: hakuna ng'ombe, kwa hiyo hakuna plau wala mbolea ya zizi. Majivu, magugu yaliyozikwa na mboji ya mashimoni ndivyo vilivyokuwa ndani ya uwezo wake.

Alipanda nini na kiasi gani?

Msimu wa 1790 alikuwa na ekari moja na nusu ya ngano, nusu ekari ya mahindi na bustani ndogo ya mboga. Kwenye ngano alisia busheli 3 za mbegu zilizopatikana humo humo kolonini. Busheli moja ni karibu madebe mawili, na ya ngano ina uzito wa kama kilo 27. Alitarajia kuvuna busheli 12 au 13, yaani kama kilo 325 hadi 350. Ni mara nne tu ya mbegu.

Ngano alisia sehemu Mei na sehemu Juni, na ile ya Mei ikastawi zaidi. Mahindi aliyapanda mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba. Kumbuka kwamba majira ya kule yamegeuka ukilinganisha na Uingereza: Mei ni mwanzo wa baridi, Septemba mwanzo wa joto. Mkulima aliyezoea kalenda ya Cornwall alilazimika kujifunza upya lini apande.

Kiasi hicho kilitosha kuwalisha watu wawili, yeye na mkewe?

Piga hesabu. Ukitoa kilo 80 za mbegu za msimu ujao kwenye kilo 340, zinabaki 260. Posho kamili ya mwanamume ilikuwa ratili 7 za unga kwa wiki, kama kilo 165 kwa mwaka. Mwanamke alipewa theluthi mbili ya hiyo, kama kilo 110. Jumla ni 275, na hapo pumba bado hazijaondolewa wakati wa kusaga. Ngano peke yake isingetosha. Nusu ekari ya mahindi ndiyo iliyoziba pengo, na tunaona ndiyo sababu hakukaa na ngano kwa muda mrefu.

Kwa nini aligeukia mahindi?

Mwaka 1790 alisema wazi hajui lolote kuhusu kilimo cha mahindi. Tench aliporudi Desemba 1791, Ruse alikuwa na ekari 11 na nusu zinazolimwa na alikusudia karibu zote ziwe mahindi, kwa kuwa ngano ilizaa kidogo mno. Mahindi yanahitaji mbegu chache kwa ekari, yanapandwa kwa mashimo katikati ya visiki bila kungoja shamba liwe safi, na yanapaliliwa kwa jembe. Ngano hutaka ardhi iliyolainishwa yote.

Alipoulizwa kuhusu zabibu na tumbaku alijibu kwamba hazijui, na kwamba hataacha njia anayoijua kwa jambo lisilo na uhakika. Jibu la mkulima hasa.

Zaidi ya ekari hizo 11 na nusu, alipataje ardhi nyingine iliyofyekwa bila vibarua wa kulipwa?

Kwa mapatano. Wafungwa walimfyekea vipande zaidi katika saa zao za mapumziko, na malipo yao yalikuwa mavuno ya mwaka wa kwanza wa kipande hicho. Yeye hakutoa fedha, na mwaka wa pili kipande kikawa chake.

Ni lini aliacha kula posho ya serikali?

Februari 1791 alitangaza kwamba anaweza kujitegemea, miezi 15 hivi tangu aingie shambani. Mkewe alibaki kwenye orodha ya bohari mpaka Krismasi ya mwaka huo. Wakati huo walikuwa na nguruwe majike wanne wa kuzalia na kuku 30.

Matatizo yake makubwa yalikuwa yapi?

La kwanza alilolitaja mwenyewe ni wizi. Karibu kila usiku wafungwa wenye njaa walimwibia shambani, hata alipokesha akilinda. La pili ni udongo: aliuona wa wastani, wenye kuzaa ukitiwa mbolea lakini utakaochoka pasipo ng'ombe. La tatu ni upungufu wa watu, kwa kuwa yule mfungwa wa kumsaidia aliondolewa baada ya muda akabaki na mkewe tu.

Mkewe alikuwa nani?

Elizabeth Perry, mfungwa aliyefika Juni 1790 kwa meli ya wanawake, Lady Juliana. Walioana tarehe 5 Septemba 1790. Ruse alimsifu kuwa mchapakazi, na kwa ukubwa wa kazi tuliyoieleza hapo juu, shamba lile lilikuwa la watu wawili ingawa hati iliandikwa jina moja. Phillip alimwachilia kabla ya muda wake, na anatajwa kuwa mfungwa mwanamke wa kwanza kupewa uhuru katika koloni hilo. Alifariki mwaka 1836.

## Baada ya Experiment Farm

Kwa nini aliuza shamba lililompa jina?

Mwaka 1793 alimuuzia daktari wa jeshi, John Harris, kwa pauni 40. Kilimo cha mfululizo bila samadi kilikuwa kinaufikisha udongo pale alipokuwa ametabiri. Januari 1794 akawa miongoni mwa walowezi wa kwanza kando ya mto Hawkesbury, penye udongo mzito wa matope ya mto.

Hawkesbury ilimwendea vizuri?

Mavuno yalikuwa bora, ila udongo ule ulikuwepo kwa sababu ya mafuriko, na mafuriko hayakukoma. Yalikuja 1799, 1801, 1806 na 1809, yakabeba maghala, mifugo na nyumba. Ruse aliingia kwenye madeni na rehani, akauza ardhi, na kwa muda akafanya kazi ya ubaharia. Mwaka 1810 Gavana Macquarie alianzisha miji mitano kwenye miinuko ya eneo hilo, Windsor ukiwemo, ili watu wahifadhi nafaka juu ya maji; kwa Ruse ilikuwa imechelewa. Alipewa ardhi tena Bankstown mwaka 1809. Sensa ya 1828 inamkuta Lower Minto akiwa nyapara kwenye shamba la mtu mwingine.

Alikufa wapi?

Campbelltown, tarehe 5 Septemba 1837, akazikwa kwenye makaburi ya Wakatoliki ya St John's. Maandishi ya jiwe la kaburi, yenye tahajia ya mtu aliyejifunza kuandika kwa kusikia, yanasema mama yake alimlea kwa upole na kwa taabu nyingi, na kwamba alipofika koloni hili alipanda nafaka ya kwanza. Inaaminika alichonga sehemu kubwa ya maneno hayo mwenyewe.

## Yenye ubishi

Je, kweli alipanda nafaka ya kwanza?

Hapana, kama maneno yatachukuliwa neno kwa neno. Shamba la serikali lilisia nafaka tangu 1788, na ngano aliyosia yeye mwaka 1790 ilitokana na mbegu za mavuno ya humo humo. Sahihi ni kusema alikuwa mfungwa wa kwanza kulima kwa ajili yake mwenyewe na kujilisha, na wa kwanza kupewa hati.

Ardhi ile ilikuwa ya nani?

Ya Waburramattagal, ukoo wa Wadharug, na jina Parramatta limetokana nao. Hakuna aliyewauliza wala kuwalipa. Aprili 1789, miezi saba kabla ya Ruse kuingia shambani, ndui ilikuwa imewaua wengi wao kuzunguka Port Jackson. Hawkesbury, ambayo wenyeji huiita Dyarubbin, mashamba ya walowezi yalimeza kingo za mto zilizokuwa na viazi vyao vya mwitu, na vita vikafuata. Pemulwuy aliongoza mashambulizi dhidi ya walowezi tangu 1792 mpaka alipouawa 1802. Madai kwamba nchi haikuwa na mwenyewe yalikataliwa na Mahakama Kuu ya Australia mwaka 1992, katika kesi ya Mabo. Tunapoeleza bidii ya Ruse hatuna haki ya kuliacha hili pembeni: hati ya kwanza ya shamba ilikuwa pia hati ya kwanza ya kuwanyang'anya.

Walikuwemo watu wenye asili ya Afrika kwenye msafara?

Walikuwemo, wapatao kumi na zaidi kidogo. John Randall na John Martin walipewa mashamba kaskazini mwa Parramatta mwaka 1792, miaka michache tu baada ya Ruse kuanza. Mwingine, John Caesar, alitoroka mara kwa mara kutafuta chakula msituni na akauawa kwa risasi Februari 1796.

Nyumba inayoonyeshwa leo Experiment Farm ni yake?

Siyo. Ile ilijengwa kwenye ardhi hiyo na John Harris, mnunuzi, miaka mingi baada ya Ruse kuondoka. Iko Harris Park, na inatunzwa na National Trust tangu 1961.

Nikimtafuta kwenye kumbukumbu nianzie wapi?

Anza na jina la meli na mwaka wa kufika, kisha nenda kwenye orodha za mahesabu ya watu, rejesta ya hati za ardhi, barua za Katibu wa Koloni za 1788 hadi 1825, na sensa ya 1828. Nyingi zimo kwenye hifadhi ya nyaraka ya jimbo la New South Wales. Kesi yake ilisikilizwa Cornwall, kwa hiyo usiitafute kwenye kumbukumbu za mahakama ya Old Bailey ya London. Wengi hupoteza muda huko. Jaribu tahajia zaidi ya moja, kwa kuwa makarani waliandika walichosikia. Wala usimchanganye na Richard Rouse wa Rouse Hill, mlowezi huru aliyefika 1801.